Vioo vya Bajaji

Kila asubuhi, kabla Magesa hajawasha pikipiki, binti yake Joyness alikwenda kusimama nyuma, kwenye mparachichi ulio karibu na choo, akanyoosha mkono juu na kuonyesha vidole. Magesa alikaa kwenye kiti cha pikipiki, amelala juu ya tangi kama anavyolala barabarani, akatazama kwenye vioo vya pembeni, kisha akataja idadi.

"Vinne."

Mkewe, Damari, alisimama mbele karibu na taa, mahali ambapo Magesa angeweza kuuona uso wake. Idadi ikiwa sawa, Damari aliitikia kwa kichwa. Hapo Magesa aliwasha moto, akavaa helmeti na kuondoka. Majirani walifikiri ni mchezo wa baba na mtoto, na mmoja wao alisema anapenda kuona nyumba inayoanza siku kwa kucheza.

Haukuwa mchezo. Magesa alikuwa hasikii. Sindano alizochomwa miezi mingi alipougua kifua kikuu sugu zilimponya kifua, zikaondoka na masikio yake. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibakiwa na mvumo kidogo, kama wa mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili. Uhai aliupata, na Damari alimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kazi inataka mtu mwenye viungo vyote, na Magesa alikuwa amekaa mwaka na nusu bila kazi.

Kazi aliyoipata ilikuwa Uyole, kwenye duka la spea za malori la mzee mmoja aitwaye Zabron. Lori likiharibika Igawa, au Makambako, au Mafinga huko Iringa, dereva humpigia Zabron simu, spea inatiwa kwenye begi la mgongoni, na Magesa anaipeleka. Kwa ajili hiyo Zabron alinunua pikipiki ya spoti, nyekundu, iliyotumika, iliyoingilia Tunduma. Aliipenda kuliko gari lake. "Basi linasimama kila penye mahindi ya kuchoma," aliwaambia wateja. "Hii haisimami."

Damari aliuza chai na viazi vya kukaanga kwenye kibanda kilichotazamana na duka hilo, na hapo ndipo walipopata njia ya kuificha siri yao. Zabron akitoa agizo kwa sauti kutoka ndani, Damari alichukua kikombe cha chai, akampelekea mumewe, na akiwa ameinama kukiweka chini alilirudia agizo kwa midomo tu. Igawa. Oili sili mbili. Dereva anaitwa Mwigulu. Magesa aliisoma midomo yake, akanywa mafunda mawili, akainuka. Simu zilipopigwa hakupokea. Alijibu kwa maandishi kwamba yuko barabarani, atumiwe meseji. Akikosea kujibu, vijana wa kijiweni walicheka.

"Mwacheni Msukuma wa watu, Kiswahili chake kimebaki Usangu kwenye mpunga."

Magesa aliona wanacheka, akacheka nao. Utani huo ulimchoma Damari, lakini ulikuwa unawafunika, kwa hiyo naye aliucheka.

"Mama Joyness," Zabron alizoea kumwambia, "mumeo hana mdomo. Wewe ndiye spika yake."

"Ndivyo alivyozaliwa, bosi."

Hawakuthubutu kumwambia ukweli, na sababu ilikuwa Liberatus. Liberatus alikuwa mpakiaji wa duka hilo, mtu hodari, hadi gia boksi ilipomvunja mgongo. Zabron alimlipia nauli ya kurudi kwao Idodi, akamfungia gunia la viazi, akasema mbele ya watu wote kwamba duka si zahanati. Alisema bila ukali, kama mtu anayesema kwamba leo ni Jumatano. Damari alikuwa anakaanga viazi wakati ule, na maneno hayo hayakumtoka.

*

Pikipiki ya spoti ina ugonjwa wake. Vioo vyake vimekaa puani, karibu na taa, vifupi, na mpanda pikipiki akilala juu ya tangi havimwonyeshi kitu ila viwiko vyake mwenyewe. Kwa mtu anayesikia si tatizo kubwa. Lori la nyuma litapiga honi. Kwa Magesa, kioo ndicho kilichokuwa sikio.

Aliyelitambua hilo ni fundi Andendekisye, ambaye gereji yake ilikuwa chini ya mti wa mlingoti, nyuma ya duka. Siku moja alikuwa amelala chini ya pikipiki akikaza kitu, akasema, "Nipe spana namba kumi." Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Magesa alisimama pale pale akitazama barabara. Andendekisye alitoka chini ya pikipiki, akajifuta mikono, na badala ya kumfokea alizunguka akaja kusimama mbele yake.

"Tangu lini?" aliuliza, polepole, akiufungua mdomo vizuri.

Magesa aliona hakuna pa kukimbilia. "Tangu sindano za kifua."

"Na huko nyuma unaona nini?"

"Viwiko vyangu."

Kwenye uwanja wa fundi kulikuwa na bajaji iliyogongwa, mzoga mtupu. Aling'oa vioo vyake viwili, vipana kama sahani za chai, akavichomelea mikono mirefu ya chuma na kuvifunga kwenye usukani wa ile pikipiki nyekundu. Vilijitokeza pembeni kama masikio ya ng'ombe. Magesa alipouliza bei, fundi alitikisa kichwa.

"Bajaji yenyewe imeshakufa. Vioo vyake vinamlilia nani?"

Siku hiyo jioni Damari alimpelekea sahani ya viazi na kachumbari, imefunikwa kitambaa. "Ndaga fijo," fundi alishukuru kwa Kinyakyusa chake, na jambo hilo likaishia hapo. Hakulitoa nje. Wako watu wa namna hiyo, wanaobeba siri ya mwenzao kama yai, na hakuna anayewalipa.

Vijana wa kijiweni walilipata jina siku hiyo hiyo. Mwenye mdomo kuliko wote alikuwa bodaboda mmoja aitwaye Edmund.

"Bajaji, hadi Mwanjelwa shilingi ngapi? Tuko watatu na mbuzi."

Jina lilishika. Hata wateja walimwita Bajaji. Magesa hakulisikia, ila alijifunza umbo lake midomoni mwa watu, na kila alipoliona aligeuza uso. Damari alijua kwamba lilimuuma. Mwanamume aliyewahi kuendesha plau ya ng'ombe wanane hapendi kuchekwa na watoto wa stendi.

*

Jumamosi moja Zabron alitoka dukani na boksi dogo mkononi, uso umemchangamka. Wiki hiyo Magesa alikuwa amepeleka beringi Mafinga na kurudi kabla ya saa tisa, na mwenye malori wa Iringa, aliyekuwa amehamia duka lingine, alikuwa amerudi kwa Zabron na oda kubwa.

"Magesa, njoo. Mama Joyness, njoo na wewe uone. Mimi si mtu wa kusahau."

Ndani ya boksi, kwenye sponji, mlikuwa na vioo viwili vidogo vya mviringo, shingo zake za alumini, kioo chenyewe kina rangi ya buluu. Vilikuwa vizuri. Hata Damari aliona kwamba ni vizuri.

"Vimetoka Dar kwenye basi la asubuhi," Zabron alisema. "Vinafungwa mwisho wa usukani, kama vya mashindano. Yule bwana wa Iringa aliniambia, Zabron, farasi wako mbona umemvisha masikio ya punda? Nimeona aibu. Mtu anayenifanyia kazi namna hii hawezi kuitwa Bajaji. Andende, lete spana."

Andendekisye alikuja. Alikichukua kioo kimoja, akakigeuza, akakiinua kutazama barabara nyuma yake. Lori la mafuta lililokuwa linateremka kutoka stendi lilionekana dogo kama kiberiti.

"Bosi," alisema, "hivi vinasogeza vitu mbali. Vile vikubwa vina kazi yake. Njia hii ina malori."

"Masikio hana? Lori si lina honi?"

Fundi alimtazama Damari. Alimtazama muda mrefu kidogo, spana mkononi, kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake apite. Damari alikuwa anammiminia mteja chai. Alikuwa na maneno mdomoni, yote, yamepangika. Bosi, hana masikio. Aliyaona yakitoka, kisha akamwona Liberatus akipanda basi na gunia lake la viazi. Chai ilijaa kikombe, ikamwagika kwenye meza na kumuunguza mteja kidole.

"Samahani, baba. Samahani sana," alisema, akafuta, na hakuinua uso mpaka aliposikia spana inazunguka.

Vioo vya bajaji vilifunguliwa. Zabron alitaka kuvitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Nipe mimi, bosi," Damari alisema. "Vya kujitazamia."

"Uso wako wote utaenea humo, Mama Joyness," Zabron alisema, na watu wakacheka, na akampa.

Edmund aliizunguka pikipiki akipiga mluzi. "Haya, Bajaji kafariki leo. Kuanzia sasa tumwite nani?"

"Mwiteni Spoti," mmoja alisema.

Magesa aliisoma midomo yao. Aliigusa alumini kwa kidole gumba, taratibu, akatabasamu. Zabron alimpiga picha na simu, amekaa juu ya pikipiki na vioo vyake vipya. Ilikuwa muda mrefu tangu Damari aone meno ya mumewe mchana kweupe, na kwa sababu hiyo moyo wake ulivunjika mara mbili.

*

"Mwambie," Damari alisema walipofika nyumbani. Walikuwa wameketi wanatazamana, kwa sababu katika nyumba hiyo mazungumzo ya pembeni yalikuwa yamekwisha zamani.

"Nimwambie nini?" Magesa aliuliza kwa nguvu. Mtu asiyejisikia hajui ukubwa wa sauti yake. Damari aliteremsha kiganja hewani, ishara waliyokuwa wamekubaliana, na Magesa akaipunguza. "Nimwambie nimemdanganya miezi kumi na moja?"

"Basi ukifika mbele, Inyala huko, simama ufunge vile vya zamani. Nitaviweka kwenye begi."

"Anapiga picha. Madereva wote wanamjua. Jioni ataambiwa kijana wako kapita na masikio yake ya punda. Na vimechomelewa, Mama Joyness. Si vitu vya kufunga na kufungua kama vifungo vya shati."

"Wewe unavipenda."

Magesa aliangalia mikono yake. "Leo hawakuniita Bajaji," alisema. Baadaye kidogo akasema, "Nitavizoea."

Damari angeweza kwenda mwenyewe kwa Zabron. Aliwaza hivyo Jumapili yote, kanisani na kisimani. Aliwaza mwaka ule na nusu, jinsi mama yake alivyokuwa anawaletea unga umefungwa kwenye khanga kama anayeleta zawadi, asiwatie aibu. Aliwaza sweta nyekundu ya shule aliyovaa Joyness, sweta ya kwanza mpya katika maisha ya mtoto huyo. Kila alipofika mwisho wa mawazo alikuta jibu lile lile: Zabron atasikitika, atatoa nauli, atafunga gunia.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu mwepesi, ule wa Uyole unaokaa kwenye majani ya viazi mpaka jua lipande. Joyness alikimbia mpaka kwenye mparachichi, sweta yake ikimetameta, akanyoosha mkono. Magesa alilala juu ya tangi. Alitazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto. Akakipinda kidogo kwa kidole, akatazama tena. Kisha macho yake yakaja kwenye uso wa Damari na kukaa hapo.

"Vitatu," alisema.

Damari alimwona Joyness nyuma kule, mkono juu, vidole vyote vitano vimetawanyika.

Akaitikia kwa kichwa.

Magesa aliwasha pikipiki, akavaa helmeti, akaondoka. Joyness alirudi anatembea polepole, anaburuza viatu kwenye umande.

"Mama, vilikuwa vitano."

"Ni ukungu, mwanangu."

"Mimi nilimwona baba vizuri."

"Nenda shule, utachelewa."

*

Saa nne na nusu simu ya Zabron iliita. Damari aliiona sura yake kupitia mlango wa duka, akajua kabla hajaambiwa. Zabron alitoka na simu mkononi. Aliyesema ni Edmund, ambaye naye alikuwa amepigiwa na mwenzake wa Inyala.

"Mama Joyness, acha moto. Panda."

Hakumdai nauli, wala siku hiyo wala siku nyingine. Baridi ilikuwa kali. Alivua koti lake kubwa, akamvalisha Damari, akaendesha na shati tu, na njia nzima hakusema neno la mzaha.

Yaliyotokea walioyaona ni wengi. Lori la mzigo lilipoteza breki juu ya mteremko. Dereva hakuwa mtu mbaya. Alikandamiza honi tangu juu mpaka mkono ukafa ganzi. Waliokuwa mbele yake walisikia. Noah ilitoka barabarani. Kosta ilitoka, ikakwangua ukingo. Mama mmoja mwenye baiskeli ya mkaa aliruka mtaroni akaacha mkaa wake katikati ya njia. Barabara yote ilifunguka, ikabaki pikipiki moja nyekundu inateremka taratibu kwenye upande wake, haina habari.

"Kila mtu alitoka isipokuwa yeye," watu walisema. Walisema hivyo kwa mshangao, na wengine kwa hasira.

Lori lilimpiga kwa pembeni, likaenda kuegemea ukuta wa udongo. Hakufa mtu. Mguu wa kulia wa Magesa ulibaki chini ya tairi, na siku ya pili madaktari waliukata chini ya goti.

*

Trafiki aliyekuja wodini Mbeya kuchukua maelezo alikuwa mwanamke, afande Eveline, mwenye daftari lililokunjwa kwa raba. Zabron alikuwepo, amekaa kwenye ukingo wa benchi na mfuko wa machungwa magotini. Alikuwa amelipia kitanda na dawa bila kuombwa, na kwa hilo Damari hakumnyima shukrani yake.

Afande alisimama upande wa kichwa cha kitanda. "Magesa. Nataka unieleze kwa nini hukutoka barabarani."

Magesa alikuwa anatazama dirisha.

"Magesa. Dereva anasema alikupigia honi kilomita nzima."

Afande alifungua daftari. "Hata mimi ananikaidi," alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Basi nitaandika kama mashahidi walivyosema. Alipigiwa honi, akakaidi. Mama, uelewe, nikiandika hivyo sehemu kubwa ya kosa inakuwa yake."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanasikiliza. Mmoja alinong'ona, "Vijana wa spoti hao, viburi." Damari aliutazama ule mguu uliokuwa haupo chini ya shuka.

"Hasikii, afande," alisema.

"Anaumwa, najua. Lakini..."

"Hasikii kabisa. Ni kiziwi. Huu mwaka wa tatu."

Zabron aliinua kichwa. "Haiwezekani. Mimi naongea naye kila siku."

"Unaongea na mimi, bosi."

Chungwa moja lilitoka kwenye mfuko, likaviringika chini ya kitanda. Hakuna aliyeliokota. Afande Eveline alilaza kalamu juu ya daftari.

"Nikiandika hivyo, wataulizia leseni," alisema kwa sauti ya chini. "Wataulizia nani alimruhusu. Unaelewa, mama?"

"Andika. Wasimwite mkaidi."

Afande alisimama kidogo, kama anayepima. Kisha alifanya jambo ambalo Damari hakulisahau. Alivuta kiti, akazunguka nacho kitanda chote mpaka upande wa dirisha, akakaa mbele ya uso wa Magesa, akavua kofia yake ili mwanga umfike mdomoni. Aliuliza upya, neno moja moja, tangu la kwanza.

Magesa alijibu. Alijibu kwa sauti kubwa mno, hata wodi nzima ikageuka. Damari aliinua kiganja ili amshushe, kisha akakirudisha mapajani. Hapakuwa tena na cha kuficha.

"Nilikuwa natazama kwenye kioo," Magesa alisema. "Lilikuwa mbali. Kwenye kioo lilikuwa bado mbali."

Zabron alifunika uso kwa mkono.

Nje, kwenye baraza, alimngojea Damari. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa Jumamosi.

"Ungeniambia. Kwa nini hukuniambia, Mama Joyness? Vile vioo nilimpa kwa moyo mweupe."

"Najua, bosi."

"Ningemweka stoo. Stoo haihitaji masikio. Ningemweka stoo, angehesabu boksi zake kwa raha."

Damari alimtazama. Hakuwa na hasira. Angependa kuwa nayo, ingempa joto. "Liberatus ulimweka wapi?" aliuliza.

Zabron aliutazama mfuko wa machungwa, akaanza kuufunga fundo, akaufungua, akaufunga tena. Labda alisema kweli kuhusu stoo. Labda mtu husema hivyo mguu ukishakatwa. Damari aliisoma sura ile kama alivyokuwa amezoea kusoma sura, na mpaka leo hajui.

*

Mwezi wa pili baada ya ajali Magesa alikuwa nyumbani. Zabron aliiuza pikipiki na kuchukua kijana mwingine mwenye pikipiki yake. Damari alihamisha kibanda chake ng'ambo ya soko, kwa sababu hakuweza kukaanga viazi akilitazama lile duka. Kazi ya Magesa ikawa kumenya viazi hivyo. Alikaa nje kwenye kigoda, mgongo kwenye njia, magongo yameegemea ukuta, beseni katikati.

Alikuwa amepata hofu. Kuku akipita nyuma yake, mtoto akija kuomba maji, alishtuka mpaka kisu kikamkata. Andendekisye aliposikia habari hiyo alikuja na sururu. Alichimbia nguzo mbele ya kigoda, akafunga juu yake vioo viwili vya bajaji na mikono yake mirefu ya chuma, akakaa kwenye kigoda mwenyewe kuvipima, akavirekebisha mpaka njia yote ikaingia ndani, na mparachichi, na choo. Aliondoka bila kunywa hata maji.

Jioni hiyo Joyness alirudi shuleni, akaviona. Hakuuliza kitu. Alitupa begi, akakimbia mpaka kwenye mparachichi, akanyoosha mkono.

Magesa aliacha kumenya. "Viwili," alisema.

Damari, aliyekuwa anaosha sufuria, alikuja akasimama mbele yake, akaitikia. Vilikuwa viwili kweli. Magesa hakurudi kwenye viazi.

"Siku ile vilikuwa vingapi?"

Damari alifuta mikono kwenye khanga. Angeweza kusema hakumbuki. Aliuinua mkono wake wa kulia, akatawanya vidole vyote.

"Nilijua si vitatu," Magesa alisema. "Kwenye kile kioo kulikuwa na doa jekundu tu, sweta. Nikakutazama wewe. Wewe ukidanganya unameza mate kwanza."

"Ukaondoka."

"Ukaniitikia."

Hapakuwa na wa kumlaumu mwenzake hata kidogo, na hapakuwa na wa kumsamehe. Damari alichuchumaa upande wa pili wa beseni, akachukua kisu cha pili, akamenya kiazi kimoja, akakitumbukiza majini.

Huko nyuma Joyness alikuwa bado amesimama. Alikuwa amebadilisha vidole, anangoja kuulizwa, na mkono umeanza kumtetemeka.

"Baba, mkono umechoka," aliita.

Damari aligusa goti la mumewe, lile la mguu mzima, akamwonyesha kioo kwa kidevu. Magesa aliinua macho. Alitazama muda mrefu, mpaka akawa na hakika.

"Vitano," alisema, kwa sauti kubwa mno, na hakuna aliyemshusha.